Mtumbwi wa Rubisi Bondeni Ngenge

Mlimani, juu ya Ngenge,
Muleba.
Mei 1975

Kaka yangu mpendwa Ishengoma,

Salamu zangu zikufikie hapo chuoni Bukoba. Je, kile kikohozi kimekuacha? Unakula vizuri? Sisi tuliobaki ni wazima, ila naandikia gotini, kwa hiyo uniwie radhi kwa mwandiko huu.

Kaka, kijiji chetu kipya hakipo tena. Ile mistari ya nyumba ambayo Baba, akiwa mwenyekiti wa kijiji, aliipima kwa kamba, wewe ukishika ncha ya pili, imekuwa matope matupu. Mvua ilinyesha huku mlimani juma zima, lakini kwetu bondeni jua liliwaka, kwa hiyo hatukuogopa. Jumatano asubuhi tulikuwa darasani, maji yakaingia mlangoni kimya kimya kama mgeni asiyepiga hodi. Mwalimu alituuliza nani amemwaga ndoo. Ndipo tukasikia nduru za akina mama.

Unaukumbuka ule mtumbwi wa kukamulia ndizi aliouacha Babu? Tulipohamishwa kutoka huku mlimani, Bibi alikataa kuondoka bila huo, ikabidi wanaume waubebe mabegani. Baba alimtania mbele ya watu kwamba bondeni hakuna hata mgomba mmoja, labda atakamua nyasi awapikie ng'ombe pombe ya rubisi. Watu walicheka, hata mimi. Bibi alimjibu tu kwamba mtumbwi hauli chakula cha mtu. Tangu hapo ulikaa nyuma ya nyumba, kuku wakitagia ndani.

Kaka, siku ile Bibi aliwafukuza kuku akaweka watoto. Chombo kilichochongwa kwa ajili ya pombe kikaelea! Baba na vijana walikisukuma, maji yakiwafika kifuani, wakaenda na kurudi mpaka kwenye kile kichuguu kikubwa karibu na ghala. Bibi, aliyevushwa na wa kwanza, alikuwa juu ya kichuguu akiwapokea watoto, na waliolia aliwakaripia kwamba wanaongeza maji.

Mtumbwi ulipofika kwa jirani yetu, Mama Kemilembe, ukuta ulikuwa umekwisha kuanguka. Mwanawe Gamaliel, yule mdogo aliyekuwa akikuita Profesa, alikuwa chini yake. Tumemzika huku mlimani, katika kibanja chao cha zamani, kati ya migomba.

Sasa nikuambie linaloninyima usingizi. Baada ya maziko Baba alisimama, nasi tukadhani atatoa hotuba ya mwenyekiti. Akasema kwamba kabla hatujahama, Bibi alimwonyesha mahali maji yalipofika alipokuwa msichana, akamweleza kuwa ndiyo sababu wazee hawakujenga bondeni. Naye Baba alimwamuru Bibi anyamaze, maana aliogopa wakubwa wangesema mwenyekiti anapinga vijiji vya ujamaa. Kisha akasema kwamba alijua. Alilirudia neno hilo, akakaa chini. Kumbe ndiyo maana Bibi hakuuacha mtumbwi! Kaka, ni Baba yetu huyu, aliyetuchapa kwa uongo mdogo wa sukari.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana. Amekwenda wilayani kuomba kijiji kijengwe hapa juu, na tunangoja jibu. Wakati huohuo anakata miti kwa mikono yake kwa ajili ya nyumba ya Mama Kemilembe. Kila asubuhi humpelekea buni za kutafuna katika kikapu kidogo cha Bibi, kama tunavyompa mtu tunayetaka tukae naye kwa amani, na mama huyo hugeuza uso. Jana nilifuatana naye. Mama Kemilembe alichukua punje mbili. Hakuzitafuna. Alizifumbata mkononi, na mpaka tunaondoka mkono ule ulikuwa haujafunguka, wala hakuzitupa.

Njoo likizo ikianza, kaka. Baba anaona haya kukuita, ndiyo maana nakuita mimi.

Mama anakusalimu sana. Bibi naye anakusalimu, na anasema safari hii usimletee sukari. Umletee kamba nene ya kuufungia mtumbwi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Benigna