Mnara Usubiri Mpaka Lini

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Mbuzi wa jirani wamerudi zizini sasa hivi, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye simu. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Wewe kule Kabati, mimi hapa Kikima, na ile simu yako ndogo ya mulika mwizi ilikuwa haiwashwi mpaka mbuzi waingie boma.

Nilikuwa naudhika, unakumbuka? "Mama, simu ni ya kuwashwa!" Nawe unacheka: "Ikikaa macho mchana kutwa ikitafuta busta, chaji inaisha bure. Wacha ilale. Mbuzi wakiingia, si utanipata?" Na kweli nilikupata. Tuliongea habari za ndengu na za yule jogoo wako mkorofi, tukaongea mpaka mtandao ukatukata.

Sasa hiyo ndiyo kazi yangu, Mwaitu. Utacheka. Kampuni inanilipa niandike programu ya kupatanisha simu na mnara, hiyo busta yako. Simu inalala, inaamka saa waliyokubaliana, inachukua ujumbe wake, inalala tena. Betri inadumu. Wenzangu wanasema ni jambo jipya kabisa. Jipya! Wangekuuliza wewe.

Lakini kuna kitu kimoja kilinishinda. Simu ikikosa kuamka saa yake, mnara unaisubiri kwa muda, kisha unaifuta kwenye orodha yake. Muda huo naupanga mimi. Bosi amekuwa akinisukuma: "Ni nambari tu, weka tuendelee." Nambari tu, eti! Kila nikitaka kuiandika, naiona simu yako ndani ya kiondo ukutani, imezimwa tangu tukuzike. Mnara utajuaje kama simu imelala tu, au mwenyewe ameenda?

Nina upweke, Mwaitu, nisikufiche. Nashinda na kompyuta, jioni inafika sijasikia mtu akiniita jina. Majirani ni wema, lakini hakuna anayejua kwamba sauti ya mbuzi inaniliza.

Leo mchana nimeiweka ile nambari, nikatuma kazi. Mnara utasubiri, kisha utaacha. Ni sawa, ndivyo inavyotakiwa.

Mimi nimeshindwa kuacha. Nimekupigia hata sasa, kile kisauti kikaniambia hupatikani. Najua. Wewe lala, Mwaitu. Kesho mbuzi wakiingia, nitapiga.

Ni mimi, kitinda mimba wako