Kiti cha Tano Kwenye Kitambaa cha Mama

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipochomeka sindano kwenye ukosi wa blauzi, ukasema unajilaza kidogo, chai ikiiva tukuamshe. Chai iliiva. Tunakuita mpaka leo.

Wengi walikujua kama fundi wa sare za shule na magauni ya harusi, mwanamke aliyesema Ijumaa ikawa Ijumaa kweli. Maajabu hayo, kwa fundi! Wachache walijua ulikokwenda kila Jumatano, ukishafunga duka saa nane mchana. Ulikwenda kutazama, mara nyingi mimi nikikufuata. Maonyesho ya picha, sinema, sanamu za mabati, chochote alichokibuni mtu kwa mikono yake.

Hukusomea sanaa wala hukujidai kuielewa. Ulisema picha nzuri si ile inayokuacha mdomo wazi, ni ile inayokuwasha mikono. Picha ya kivuli cha ngazi ilikupa mkunjo wa sketi ulioigwa na mtaa mzima. Filamu moja ya mapenzi hukukumbuka hata nani alimwoa nani, ila ulirudi na mtindo mpya wa mikono ya gauni kichwani.

Na kile kisa cha shuka! Katikati ya ukumbi lilining'inizwa shuka jeupe lenye mpasuko mrefu. Watu walilizunguka wakitikisa vichwa. Wewe ukachomoa sindano, ukaanza kuziba. Jasiri haachi asili. Mlinzi alipofika mbio, ulikuwa umeshapita nusu.

“Mama, unafanya nini? Hiyo ndiyo kazi yenyewe!”

“Kazi gani, mwanangu? Si limechanika?”

Msanii akaitwa, msichana mdogo kuliko mimi. Alitaka kulia, akaishia kucheka. Ukakaa chini ukafumua mshono mmoja mmoja, watu wakakutazama wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Wakapiga makofi. Njiani nilidhani umeona aibu. Kumbe ulikuwa unawaza. Tulipofika nyumbani ulifungua gunia la vipande vya vitambaa, ukasema, “Kama yeye katundika shuka, mimi nimekosa nini?”

Ndivyo ulivyoanza, na miaka yako hamsini na sita, kushona picha zako mwenyewe. Ya mwisho ilikuwa yetu: sisi watano kwenye safu moja ya sinema, tunaonekana visogo tu, mbele yetu mwanga. Kaka na masikio yake. Kitinda mimba wako na nywele zisizosikia kitana. Mimi. Baba, kichwa kimeinama, maana hajawahi kuona filamu ikiisha. Kwenye kiti cha tano ulijichora kwa chaki tu, umekaa wima. Tulipouliza ulisema, “Fundi hujishonea mwisho.”

Hilo ndilo lililotutesa mwaka mzima. Kitambaa kilibaki mezani kwako kama ulivyokiacha, na chaki si uzi. Bega lilianza kufifia, kisha shingo. Kaka alitaka kiwekwe kwenye fremu ya kioo hivyo hivyo. Mimi uliyenifundisha kazi nilishika sindano zaidi ya mara moja, na kila mara mkono uligoma. Nikishona nitakuwa nimekubali kwamba hurudi kumalizia. Tukaanza kurushiana maneno. Baba akafunga chumba chako cha kushonea, ufunguo akautia mfukoni.

Nina hamu na wewe, Mama. Jumatano nafika mpaka mlangoni pa maonyesho, halafu narudi. Nitatazama na nani?

Jumapili iliyopita Baba alijifungia humo tangu asubuhi. Tukigonga, anajibu, “Niacheni, nina kazi.” Mtu ambaye hata kifungo cha shati lake hajawahi kukishona! Alipofungua jioni, vidole vinne vilikuwa na plasta. Na wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti chako, mzima mzima, kwa kipande cha gauni lako la kijani. Mishono ni mirefu kama ya gunia, mingine imeruka. Halafu hakuufuata mstari wako. Kichwa chako amekilaza begani kwake.

“Baba, hapa umekosea,” nikamwambia. “Nipe nifumue, nikunyooshee.”

“Usiguse,” akasema. “Miaka thelathini na minne nimelala sinema nzima begani kwake, hakuniamsha hata siku moja. Sasa ni zamu yake.”

Nikairudisha sindano mezani.

Unakumbukwa na mumeo. Na sisi wanao watatu. Na mkweo, mke wa Kaka. Na wajukuu zako wawili. Na mdogo wako mwalimu. Na wateja wako wote, wakiwamo wale ambao nguo zao mimi nazichelewesha.

Hatujakusahau, Mama. Hatutakusahau.