Vicheko Kutoka Ukumbini Kwenu

Kaka yangu mpenzi,

Sisi huku wazima, ila mama haishi kuuliza kama unakula. Kipindi chetu cha vichekesho, kile kinachohusu chuo kikuu kilichouzwa kwa kampuni ya sabuni, kinapendwa kweli. Wiki hii mkuu wa chuo anagawa shahada zinazonukia ndimu!

Kazi yangu ni ile ile, kubandika vicheko vya watazamaji kwenye kila mzaha. Safari hii wadhamini wetu, hao hao wanaofadhili chuo unachofundisha, wameleta vicheko vipya. Wanasema waliwarekodi ninyi wahadhiri ukumbini kwenu, mkitazama kipindi. Nikavaa hedifoni, nikakusikia. Wewe, uliyeapa kwamba kwenye hafla zao hukanyagi! Nani mwingine anamalizia kicheko kwa kwikwi?

Lakini kaka, kwikwi hiyo hukujia ukicheka kwa woga tu, kama zamani baba aliposhika mkanda. Nikarudia kusikiliza. Ukumbi mzima unacheka hivyo hivyo. Mnaanza pamoja, mnanyamaza pamoja, kama mnaohesabiwa moja, mbili, tatu.

Ukiipata barua hii, nipigie simu. Ila nakuomba sana, usicheke.

Ni mimi, kitinda mimba wenu