Kwa Nini Nilisimamisha Trekta Langoni kwa Orpah

Nyansiongo,
Kaunti ya Nyamira.
18 Mei, 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mathew,

Nakusalimu kwa jina la Mola wetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la huko Doha halijakuzidi. Kile kikohozi ulichokuwa nacho mwezi wa Pasaka kimekuachia? Mama anauliza kila siku kama unakula chakula cha kushiba au bado mnakula mkate na chai kama mlivyofanya mlipofika.

Sisi huku tuko wazima. Mvua ni nyingi kuliko tulivyozoea. Mahindi ya juu yamefika magotini, lakini yale ya bondeni yamekuwa manjano kwa maji. Ng'ombe wanakamuliwa vizuri. Mama miguu inamsumbua asubuhi, ikipata jua anatembea.

Barua hii naituma kwa mkono wa Sheila, binti wa jirani, anayekuja huko kuanza kazi. Ningeweza kukupigia, lakini umekuwa hushiki simu yangu tangu Ijumaa ile, na ujumbe wa sauti niliokutumia naona hujausikiliza. Sikulaumu. Najua Ogoti, dereva wa trekta letu, alikupigia akiwa hospitalini, na najua alichokuambia: kwamba mke wako Marion alikuwa analia kwa uchungu ndani ya trela, na mimi dada yako nikazima trekta katikati ya njia na kumsukuma yeye Ogoti matopeni. Mathew, yote hayo ni kweli. Naomba tu usome na mengine.

Unalikumbuka vizuri trekta letu, maana wewe ndiwe uliyelikagua kwa yule mzee aliyeacha kulima. Injini ilikuwa nzuri, magurudumu mazuri, lakini geji ya joto ilikuwa na wazimu. Ulipoondoka ilizidi. Unawasha asubuhi, injini baridi kama jiwe la mtoni, na mshale unaruka mpaka kwenye nyekundu. Mara ya kwanza Ogoti alisimama shambani kutwa nzima akingoja kitu ambacho hakikuwa na joto lolote lipoe.

Nikamwita fundi Onchiri kutoka sokoni. Alifanya kazi yake kwa utaratibu. Alichomoa waya kwenye kile kifaa kinachopima joto pale kwenye injini, mshale ukalala chini. Akaugusisha waya huo kwenye chuma, mshale ukapanda mpaka mwisho. Akasema geji yenyewe ni nzima na waya huo ni mzima. Akabadilisha kifaa cha kupimia, akakiweka kipya. Mshale ukatulia kwa siku chache. Kisha tukagundua kwamba ukiwasha taa kubwa, unaruka tena. Onchiri akarudi, akalala chini ya usukani na tochi mdomoni, akatoka na jibu: waya wa athi, ule unaounganisha dashibodi na chuma cha trekta, ulikuwa umeliwa na kutu. Akaukwangua, akaubana, akasema ataleta mwingine mpya. Na akatuambia, "Mpaka nirudi, mkiwasha taa msiuamini huo mshale."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ingawa si lake. Ogoti alishika neno moja tu, kwamba mshale ni mwongo. Akaacha kuutazama kabisa, taa ziwe zimewaka au zimezimwa.

Sasa Ijumaa yenyewe. Ulijua kutoka kliniki kwamba mtoto alikuwa amelala kinyume, na kwamba Marion hangeweza kujifungulia nyumbani. Tulikuwa tumepanga aende mjini wiki iliyofuata akakae karibu na hospitali. Lakini mtoto hakungoja mpango wetu. Mchana tukiwa tunapika chakula cha Sabato, Marion alishika mlango wa jikoni, maji yakamtoka, na uso wake ukabadilika.

Nilipiga simu. Gari la wagonjwa likaja mpaka kwenye lami, dereva akasema hawezi kuingia, njia yetu imekuwa uji. Teksi ya Probox tuliyoiita iliteleza kwenye mteremko wa kwanza ikarudi. Mume wangu Sylvanus alikuwa dukani Kisii, hangefika upesi. Kilichobaki kilikuwa trekta. Tuliweka godoro kwenye trela na turubai juu yake, Mama akapanda na Marion, Ogoti akashika usukani, na mimi nikakaa kwenye madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, pembeni yake.

Kufikia hapo ilikuwa jioni, ukungu umeshuka na mvua inapiga, kwa hiyo taa zilikuwa zimewashwa. Tulipopita shule, nikauona mshale uko juu. Nikamwambia Ogoti.

"Ni taa hizo, dada," akasema. "Onchiri si alituambia."

Nikamwomba azime taa. Hakupenda, lakini alizizima. Mshale ukashuka kwa kuruka, kama kawaida yake, nikapumua. Nikaendelea kuutazama. Ukaanza kupanda tena, Mathew, taa zikiwa zimezimwa, na safari hii haukuruka. Ulipanda polepole, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amechoka. Ule wa uongo siku zote uliruka. Sijawahi kuuona ukipanda hivyo.

Unaijua njia. Baada ya lango la Orpah, yule mjane wa kanisani kwetu, unateremka mpaka mtoni, hakuna nyumba wala mtu, kisha kuna kile kilima kirefu kabla ya lami. Nilifikiria trekta likifa pale chini, maji yakiwa yamejaa na Marion akiwa na mtoto aliyelala kinyume. Tulipofika langoni nikamwambia Ogoti asimame. Hakusimama. Nikanyoosha mkono nikavuta kile kishikio cha kuzima injini.

Mvua ndiyo iliyobaki kusikika. Kisha Marion akafunua turubai.

"Gesare, unanifanyia nini?" aliniuliza. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Ogoti alishuka kwa hasira. "Mke wa Mathew akifia hapa utamwambia nini ndugu yako?"

Nilichota maji ya mvua kwenye kiganja nikayamwagia injini. Yalichemka papo hapo yakatoweka. Ogoti aliona. Akageuka mara moja kwenda kufungua kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, kwa mkono, aongeze maji tuondoke. Ndipo nilipomsukuma. Unajua mwenyewe jinsi mvuke unavyotoka pale ukifungua kukiwa moto, ungemchuna uso. Sikuwa na wakati wa kueleza. Alianguka matopeni, mbele ya Mama, mbele ya Orpah aliyekuwa amesikia akatoka na mwavuli, na mbele ya watu wengine waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kibanda cha kando ya njia. Mtu mzima, baba wa watoto. Hilo ndilo linalomuuma, na ana haki limuume.

Nililala chini ya trekta. Paipu ya chini ya rejeta ilikuwa imelegea pale inapobanwa, na maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo. Kwa sababu kila kitu kilikuwa kinachuruzika mvua, hakuna aliyeyaona. Ogoti alisimama juu yangu. Kisha akanipa koleo. Nikabana huku mkono ukiungua kupitia leso.

Halafu ikabidi tungoje. Mathew, sehemu hii ndiyo ngumu kukuandikia. Injini haiharakishwi. Ukiitia maji baridi ikiwa moto vile, inapasuka. Nilisimama pale nikisikia uchungu wa Marion ukija na kupita, kisha ukija tena kabla haujapita vizuri. Orpah alipanda kwenye trela akamshika mgongo. Alitaka aingizwe ndani kwake, lakini Marion alikataa, akasema akishuka hatapanda tena. Mama alikuwa anaomba kwa Kigusii, akimwita Nyasae, Mungu wetu, sauti ileile bila kupumzika. Kila mtu pale alinitazama mimi. Sikuwa na hakika, ndugu yangu. Nilikuwa nimeamua tu, na nikawa naogopa uamuzi wangu kuliko nilivyowahi kuogopa kitu.

Orpah ndiye aliyetuokoa kwa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Alikuwa ameteleka sufuria kubwa ya maji ya kuogea kabla ya jua kutua, maandalio ya Sabato. Yalikuwa vuguvugu. Yangeingia kwenye injini bila kuiumiza. Kishindo cha kwanza cha joto kilipopungua, nilifunika kifuniko kwa gunia nikakifungua nusu, mvuke ukatoka, kisha nikakifungua chote. Ogoti akawasha, na mimi nikamimina pole pole kwa kikombe, injini ikinguruma. Ilimeza sufuria nzima. Rejeta ilikuwa karibu tupu.

Tuliteremka mpaka mtoni taa zikiwa zimezimwa ili mshale useme kweli, na mimi nikitangulia kwa miguu na tochi ya simu kumwonyesha Ogoti njia. Maji yalikuwa yamefika kwenye ekseli. Kilimani nilipanda tena madigadi, na mara kwa mara Ogoti aliuliza, "Unasemaje?" na mimi nikamjibu, "Umetulia." Tulipoiona lami na lile gari likitungoja, aliweka kichwa kwenye usukani kidogo, kisha akashuka kusaidia kumbeba Marion.

Marion aliingizwa chumba cha upasuaji saa hiyohiyo. Mtoto alitoka hana sauti. Walimfanyia kazi, wakamwekea hewa, na sisi tukakaa kwenye benchi. Ni wakati huo Ogoti alipokupigia simu. Usimkasirikie. Alikuwa amelowa, ana matope mpaka masikioni, na hatukujua kama mtoto ataishi. Angekufa, hata mimi ningesema maneno aliyoyasema. Tungefika mapema bila kusimama, au tungebaki mtoni? Mimi naamini tungebaki. Lakini nisingeweza kukuthibitishia, na ningeishi na hilo.

Hakufa. Alilia tulipokuwa tumeacha kutumaini. Yuko nyumbani sasa, ananyonya kama ndama, na ana paji la uso lako, jambo ambalo tumemwomba Mungu amrekebishie akikua. Marion kidonda kinapona. Juzi alikaa nje akichagua mboga za chinsaga na Mama.

Ogoti alikuja Jumapili iliyopita. Alitoa ile paipu, akaweka mpya, akasafisha rejeta yote. Onchiri naye akaleta waya wa athi, na ili tuwe na hakika akakitumbukiza kile kifaa cha joto kwenye sufuria ya maji juu ya jiko langu la makaa kando ya trekta, waya ukiwa umeunganishwa, tukatazama mshale ukipanda maji yakichemka. Nilimwomba Ogoti radhi kwa kumsukuma. Alisema, "Yameisha, dada." Bado hajala kwangu, lakini yataisha.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Mtoto hana jina. Mama anataka aitwe Nyaboke, kwa ajili ya bibi yetu, mama yake baba, lakini hataki kulitamka kabla baba yake hajalitamka. Kliniki wameandika tu "mtoto wa Marion". Marion hasemi kitu kuhusu kunyamaza kwako. Analaza simu karibu na mto, na ikilia anaitazama kwanza kabla ya kuishika.

Msalimie Andrew unayeishi naye chumba kimoja, mwambie mama yake ni mzima, nilimwona Mosocho. Sylvanus anakusalimu, na mtoto wetu Nyasani, na Orpah, ambaye amesema ukirudi umnunulie sufuria nyingine maana ile imetoboka. Mama anakubariki: Mungu akutangulie uendako na akurudishe nyumbani ukiwa mzima.

Kama bado una hasira nami, kaa nayo mpaka uje, tutaongea ana kwa ana. Usinipigie mimi. Mpigie Marion, umwite binti yako kwa jina lake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiwa umenuna,
Gesare.