Kauli Mbili, Ukweli Mmoja

Mpendwa Baba Neema,

Neema amerudi kazini kwake Dodoma. Tangu asubuhi sijasikia sauti ya mtu humu ndani, ila redio ya jirani.

Nimekumbuka enzi zile ukifundisha hesabu Sengerema, ng'ambo ya ziwa, ukirudi nyumbani mwisho wa juma, mimi nikifundisha Kiswahili hapa Nyamagana. Kila ulipokwenda kupanda kivuko uliniaga hivi: "Nikiwa hai, Ijumaa nitavuka." Siku moja ukanieleza, kwa raha yako ya kimwalimu, kwamba hiyo ni sawasawa na kusema, "Nisipovuka Ijumaa, basi siko hai." Nikakukataza kuitamka. Ulicheka, ukasema umegeuza upande tu; moja ikiwa kweli, na ya pili ni kweli, moja ikiwa uongo, na ya pili ni uongo. Nikakujibu kwamba kwenye somo langu sentensi mbili haziwi sawa kama moja inamliza mtu.

Kisha ikaja Ijumaa ya upepo. Kivuko kikasitisha safari, simu yako haipatikani, nami nikabaki na ile kauli ya pili kifuani. Nilipika, nikafunika chakula, sikula. Jumamosi asubuhi ukaingia na samaki aina ya sato mkononi. Sikukukaribisha. Ukaja kukaa karibu yangu jikoni, ukasema polepole, "Mama Neema, nilisema uongo. Kauli zote mbili." Hapo ndipo nilipolia.

Tangu tukuzike kwenu Nansio, watu wakiniuliza nawaambia bila kutetemeka kwamba mume wangu amefariki. Lakini juzi dada yako alikuja tugawe nguo zako. Nikaling'ang'ania koti lako la mvua. Akaniambia kwa upole, "Wifi, kaka hatarudi."

Nikalikunja koti, nikaliweka mapajani. Najua, kwa mtu kama wewe, ambaye ni kifo tu kingemzuia kurudi nyumbani, kauli hizo mbili, "amefariki" na "hatarudi," husimama pamoja na kuanguka pamoja. Ungenionyesha hata kwa chaki. Ila ya kwanza naweza kuitamka, ya pili siwezi. Wifi aliliacha koti, akaondoka.

Leo nimejilazimisha. Nimesimama sebuleni nikasema kwa sauti, "Hatarudi." Nikangoja. Hakuna aliyenibishia.

Pumzika, mwalimu wangu.

Mkeo,
Mama Neema