Kufuli la Kisima cha Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 16 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani? Wifi yangu na watoto hawajambo? Kile kifua kilichokusumbua kimepoa? Sisi tunaendelea vizuri. Mama mguu unamuuma kukiwa na baridi, lakini mdomo wake ni mzima kabisa, na kwa hilo tunashukuru. Mimi bado nashona. Sare za shule zimenitoa jasho mwezi mzima.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu Mama huwa ameniegemea begani, na wewe unavyopiga kelele, hata mpangaji wa chumba cha mwisho anakusikia. Haya ya leo nataka uyasome peke yako.

Kisima kimefungwa. Mama mwenyewe amekiwekea mfuniko wa bati na kufuli, yeye ambaye hajawahi kumnyima mtu maji tangu sisi tukiwa watoto.

Ilianza na binti wa mpangaji wetu fundi viatu, yule mdogo tunayemwita Kasuku kwa maneno yake mengi. Alishikwa na homa ya matumbo, akalazwa. Amepona, Mungu mkubwa, na maneno yote yamerudi. Lakini bwana afya alikuja kuuliza wanakunywa maji ya wapi, akachota ya kisimani kwenye chupa, akaenda kuyapima. Majibu yakaja kwamba maji yana kinyesi. Samahani kama unakula.

Usidhani ni uchafu wa Mama, unamjua anavyofagia hata penye usafi. Mtaa umejaa, mdogo wangu. Ulipoondoka kila kiwanja kilikuwa na nyumba moja na miti nyuma yake. Sisi ndio tuliotangulia kukata mipera tujenge vyumba vya kupangisha, na choo cha shimo tukakichimba pale palipobaki, karibu na kisima. Watu wakaona kodi inaingia, wakatuiga. Leo huku nyuma ni ukuta kwa ukuta, nyua zote zimemwagwa saruji, na kila nyumba ina shimo lake. Mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama, yanapitia vyooni kwanza ndipo yanakuja kwetu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Mama alimuuliza bwana afya ni choo cha nani. Akajibu, "Mama, hapa huwezi kujua. Ni vyote." Mama akasema, "Basi nianze na changu."

Na kweli alianza. Amepita mlango kwa mlango na mguu wake ule ule, akiwaambia watu wasinywe maji yake na waangalie vyoo vyao. Wengine wamemsikiliza. Jirani yetu muuza mbao amesema shimo lake ni refu mno, uchafu hauwezi kupanda ngazi. Nilitamani nimshone mdomo kwa uzi wa jinzi.

Sasa tunateka maji kwenye bomba la barabarani. Siku ya kwanza wanawake walimpisha Mama apite mbele, maana wengi wao wamekulia maji yake. Alikataa. Alisimama nyuma kabisa na ndoo yake, hakumwangalia mtu usoni. Iliniuma sana.

Bwana afya anataka tufukie lile shimo, tujenge tangi la zege lisilovuja, liwe linanyonywa na gari. Mahali pekee palipo mbali na kisima, na gari linapoweza kufika, ni uwanja wa mbele, pale pale unapotaka kujenga vile vyumba vinne vya kupangisha. Kisima chenyewe hakuna anayejua kama kitapona. Labda baada ya miaka, na wenzetu nao wakifunga mashimo yao. Mama anayajua yote hayo. Lakini kila fundi akija kuuliza aanze lini, anamwambia kesho, na choo kinaendelea kutumika na kuvujia visima vya majirani.

Nilidhani anaona uchungu wa kodi. Sivyo. Juzi nilimbana, akaniambia, "Mwanangu akijenga atarudi. Nikimzuia, atarudi kwenye nini?"

Ndiyo maana nakuandikia. Mpigie, useme wewe mwenyewe kwamba vyumba basi, tangi lichimbwe. Barua hii usiitaje, atanitoa roho. Halafu mwambie ukweli. Kama utarudi, mwambie utarudi hata bila chumba kipya. Kama hurudi, mwambie pia. Atalia, nami nitakuwepo. Lakini hatuwezi kuacha mtoto mwingine alazwe kwa sababu tunakungoja wewe.

Baba Mdogo anakusalimu sana, na fundi viatu na mkewe pia. Kasuku anauliza kama huko uliko watoto wanaruhusiwa kuongea darasani. Nisalimie wifi, na wanao waambie shangazi yao anawapenda. Mungu awafunike, awape afya na riziki ya halali.

Salamu za Mama sina, maana hajui kama nakuandikia. Yuko uani anachambua mboga. Zake atakupa mwenyewe ukipiga.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye hata ukininunia.