Kibanda Chako Kimefungwa, Rael

Rael,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siulizi, kwa sababu mimi ndiye niliyekufunga kidevu, na kitambaa changu cha kanisa ulienda nacho. Sikidai. Mimi ni magoti tu yanayonisumbua. Ng'ombe wako mwekundu anakula vizuri, lakini tangu uende anapiga kila mtu teke, hata mimi niliyemvuta akizaliwa. Amechukua tabia yako.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sisi wawili. Kikikuyu chako kilikuwa cha sokoni, na Kikalenjin changu ulisema kinafukuza mbuzi. Shule niliachia darasa la nne, unajua, kwa hivyo ukiona kosa nyamaza nalo huko uliko.

Nina jambo tangu mvua ianze na sina mtu wa kumwambia. Wajukuu wangu nikifungua mdomo wanaangalia simu. Basi utasikiliza wewe, huna pa kwenda.

Kibanda chako kimefungwa.

Nimekuambia hivyo bila kuzunguka kwa sababu ndivyo ulivyotaka kuambiwa mambo. Kile kibanda cha maziwa pale kwa kona, ulichokikatia kipande cha shamba yako, tukabeba mawe kwa mgongo na kamba kwa kichwa wanaume wakituangalia. Kampuni ya maziwa haikitaki. Karani na mizani yake wamepelekwa Bahati senta. Nitakueleza ilivyokuwa, lakini kilichonifanya nishike kalamu ni binti yako Chebet.

Ulimpenda huyo msichana mpaka ukatundika picha yake juu ya redio, ile amevaa beji ya kampuni shingoni. Ofisi Nakuru, ghorofani, na kiti cha kuzunguka. Na mimi nilijivuna, usifikiri ni wewe peke yako. Nilimbeba mgongoni ulipolazwa na ile homa, kwa hivyo nina haki ya kumkaripia mpaka nife.

Lakini maneno yake, Rael! Ulipokuwa mgonjwa alikuja kila wikendi. Namuuliza, daktari amesema nini? Ananijibu, "Mama Njoroge, tunamanaji situesheni." Namuuliza tena, anasema kuna chalenji lakini wako na pleni ya kusonga mbele. Wewe ulikuwa kwa kitanda cha hospitali unanitazama tu. Alipotoka kuleta maji ya moto ukanishika mkono. "Wangari, niambie wewe. Nakufa?" Nikakuambia ndiyo. Ukasema asante, ukaomba uji.

Siku ya mazishi akasoma maisha yako. Ati ulikuwa vishonari. Ati uligusa stekiholda wengi. Kaka yako akaniinamia akaniuliza, "Ni nani huyo anasomwa?" Na hakuna mahali Chebet alisema umekufa. Alisema umetranzishen. Nilikuwa na udongo mkononi nikingoja kukutupia, na nilikasirika hata nikaufinya ukatoka katikati ya vidole. Nikasema moyoni, hiki ni kiburi cha ghorofani. Ngoja, nitamshika.

Nikangoja. Baada ya miezi kadhaa tukaitwa mkutano wa wenye maziwa, kwa uwanja wa kanisa. Kampuni ilileta hema, ikaleta kofia za bure na soda. Ungeona soda inakuja mapema ungeshtuka, wewe. Sisi tulifurahi. Kulikuwa na mkubwa wao, mwanaume wa viatu vya ncha kali, akasalimia kidogo halafu akampa Chebet kipaza sauti. "Sasa msikie binti yenu." Watu wakapiga makofi mpaka hema ikatikisika.

Nitajaribu kuandika alivyosema. Alisema tuko kwa safari ya transfomesheni. Alisema velyu cheni yetu inahitaji kuoptimaiziwa. Alisema goingi fowadi, mwezi ukiisha, mkulima atakuwa empawad kuchukua onashipu ya usafiri wake, na tutaona sineji. Kila akipumua yule wa viatu anainua mkono, "Makofi!" Na tunapiga. Hata mimi nilipiga, Rael. Mgeni amekununulia soda, utaacha maneno yake yaanguke chini hivyo?

Mwishowe mkubwa akauliza nani anapendekeza mpango upite. Unamjua mzee Kiprono wa punda, yeye hupendekeza chochote bora asimame. Akasimama. Nani anaunga mkono? Mikono ikaanza kupanda, na kofia mpya kichwani.

Nikaangalia pale mbele ulipokuwa unakaa, mguu umenyooshwa, unazuia njia. Ungekuwa umesimama kitambo. Ungesema kama ulivyosema kila mwaka, "Sema kama unaniambia mimi, Rael, na mtungi wangu mkononi. Niende wapi?" Maofisa walikuchukia vizuri sana. Nami nilikuwa nakaa nyuma yako nikicheka, kwa sababu kazi ilikuwa inafanyika.

Hakuna aliyesimama. Nikasimama mimi, na haya magoti.

"Chebet," nikasema, "mwezi ukiisha nikileta maziwa kwa kibanda cha mama yako, nitampata karani ama sitampata?"

"Mama Njoroge, hilo ni swali nzuri sana. Wacha tuliweke kwa pakingi loti, tutalirudia."

"Mimi si gari, Chebet."

Watu wakacheka. Kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele kutoka nje, "Mathe amekataa kupakiwa!" Mwingine huku nyuma akaniambia kama nyanya yake, "Cucu, kaa chini, soda inapata joto." Nikamwambia akunywe yake na yangu, na akitaka akunywe na kofia. Yule wa viatu akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. "Mama, anachomaanisha ofisa wetu ni kwamba..." Nikamwambia, "Wewe sijakuuliza. Wewe sikukubeba mgongoni."

Nilikuwa tayari kumwaga yote, Rael. Ya hospitali, ya mazishi, ya vishonari. Mdomo ulikuwa umejaa. Halafu nikasikia kitu kinagonga. Kipaza sauti kilikuwa kinagonga beji yake, tik tik tik, hakiachi. Na midomo ameikunja vile wewe ulikuwa unaikunja ukikataa kulia.

Nikajua nimemkasirikia bure miezi yote hiyo. Mtoto alikuwa anaogopa. Aliogopa hospitali, akaogopa kaburini, na alikuwa anaogopa pale mbele yetu. Yale maneno alikuwa ameyashika kama unavyoshika ukuta stima ikipotea.

Nikapunguza sauti. Si mara nyingi, unajua. Nikasema, "Sema kama unamwambia mama yako."

Akashusha kipaza sauti. Hakukihitaji.

"Tunakifunga," akasema. "Mwezi ukiisha karani hatakuja. Mtapeleka maziwa Bahati wenyewe, na asiyefika hatutanunua yake. Mimi nilikataa huko ofisini, nikashindwa. Wakanituma mimi kwa sababu mnanijua, ndio msipige kelele."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Kiprono akakaa chini polepole, kama mtu ambaye hakuwa amesimama. Akatoa kofia.

Unajua nilikumbuka nini nikiwa pale? Mlango wangu, ule wakati mbaya watu wenu na watu wetu walipogeukana. Wakubwa walikuwa wanasema kwa redio maneno matamu, haki, ujirani mwema, na sisi tukaketi tukitafuta maana yake. Wewe ulikuja na leso kichwani, hukunisalimia. "Wangari, toka leo. Wanakuja." Ukageuka ukaenda. Nilikasirika kwamba hata hukukaa. Lakini nilishika watoto nikatoka, na nyumba ikachomwa kabla ya jua kuchomoza. Njoroge wangu sasa ana mvi na ananiletea wajukuu wasiosikia. Niliporudi ulikuwa umenitunzia ng'ombe wangu, na kitu pekee uliniambia ni kwamba anakula sana. Nikakuambia anakula kama mwenye shamba. Hatukuliongea tena. Tulirudi kukamua.

Basi sasa sikia. Kwa sababu Chebet alisema lile neno, tulikuwa na mwezi wote kabla ya kufungiwa. Kama mikono ingepanda yote, tungejua siku yenyewe ya kufungiwa, tukiwa tumesimama pale na mitungi, jua linapanda na hakuna karani. Jumapili iliyofuata tuliketi baada ya ibada, wanawake na wanaume wachache wenye aibu. Kiprono akasema punda wake wanaweza kuondoka kabla jua halijatoka. Kwa mara ya kwanza alipendekeza kitu anachokielewa, nami nikamuunga mkono. Tunampa maziwa, anatupelekea mitungi Bahati.

Na unajua mitungi inakusanyikia wapi? Kwa kibanda chako. Waling'oa mizani na ubao wa jina lao. Mawe hawakuweza, na shamba ni yako.

Sikupambii mambo. Maziwa yamerudishwa mara kadhaa yakiwa yamechacha njiani. Nyokabi wa kule chini, yule mwenye ng'ombe mmoja, alichoka, akamuuza. Alilia akimfungua kamba. Kampuni haikubadilisha kitu. Nikipita pale saa ya jioni kibanda kiko kitupu, kuku wamelala mahali ulikuwa unaweka kikombe chako.

Naye Chebet walimwita ofisini. Alikuja kwangu siku hiyo hiyo na viatu vya mjini vimejaa tope, akakaa kwa kile kiti chako kifupi karibu na moto. Nikamuuliza wamesema nini. Akasema wanamwachilia aeksplo oputuniti zingine. Nikaendelea kumenya viazi.

"Wamenifuta kazi, Mama Njoroge," akasema.

"Sasa umeanza kuongea," nikamwambia.

Akacheka. Akaangalia moto, akasema, bila kuniambia mimi, bila kumwambia mtu, "Mama amekufa." Tangu zile siku za hospitali sikuwa nimemsikia akilisema neno hilo. Nikasema, "Ndiyo. Amekufa." Halafu akalia, Rael, akalia kwa sauti mpaka kuku wakatoka nje. Sikumwambia anyamaze. Niliweka viazi chini.

Baadaye akaniuliza kama ulijua. Nikamwambia ulijua, uliniuliza nikakujibu, ukaomba uji. Akauliza, "Aliumaliza?"

"Aliumaliza. Akalalamika hauna sukari."

Hapo aliniita Mama. Hakuweka Njoroge mbele. Nilijifanya moshi umeniingia machoni, na usimwambie mtu.

Sasa yuko kwa nyumba yako. Amefungua madirisha na ametoa ile picha ya beji juu ya redio, ameweka yako, ile mbaya uliyofunga macho. Anamkamua mwekundu, anapigwa teke, anamtukana kwa Kikalenjin kizuri kuliko changu. Anatafuta kazi. Nimemwambia aende akipata, sitaki aozee hapa kwa sababu ya huruma. Juzi alinisomea barua ya kuomba kazi, ati yeye ni mtu wa rizalti orientedi. Nikamuuliza, wewe unajua kufanya nini hasa? Akanieleza vizuri, nikaelewa. Nikamwambia andika hiyo. Sijui kama watamchukua. Pengine huko hawataki watu wanaoeleweka.

Mimi nimezeeka, Rael, na sikuwa na haja ya kazi mpya. Lakini kiti chako cha mbele nimekikalia. Nanyoosha mguu, nazuia njia. Mkutano uliopita kijana wa serikali alikuja na maneno yake ya mbolea, akaniona, akaanza upya kwa polepole.

Nakuahidi sitapiga makofi tena kwa neno nisilolijua, hata waninunulie soda kreti nzima. Nakuahidi Chebet hatakosa mtu wa kumwambia mambo yalivyo, maadamu nina pumzi. Naye nimemwapisha: siku yangu nikiwa kitandani nikimuuliza kama nakufa, asiniambie habari ya situesheni. Aliinama kidogo, akaikunja midomo kama wewe, halafu akasema, "Nitakuambia." Nami nimemwamini.

Mwekundu ana mimba. Akizaa jike tutamwita Rael, na wapigwe teke wote.

Sasa nakuacha. Wewe umekufa, na mimi nina maziwa asubuhi. Punda wanapita mapema, na nisipokuwa kwa kibanda Kiprono ataiacha mitungi yako na yangu hapo mpaka jua liipate. Lala. Nikija nitakuambia mwenyewe kwamba nimefika, sitatuma mtu.

Ni mimi,
Wangari